Stempu za Unguja: Jinsi ya Kuanza Mkusanyo wa Nchi Moja

  Somo letu la leo ni juu ya kukusanya stempu za Unguja. Weka kalamu na daftari karibu nawe, kwani mwishoni mna maswali na kazi ya kufanya nyumbani.

Huenda ukasema moyoni: stempu ni mchezo wa watoto, na mimi mtu mzima nina shughuli zangu. Basi nakuomba unipe nafasi kidogo. Stempu ninazozisema leo hazichapishwi tena. Barua zilizobandikwa stempu hizo zimo ndani ya makasha ya wazee wetu, katika nyumba za Mji Mkongwe, za Ng'ambo na za mashamba. Mzee akifariki kasha hufunguliwa, nguo hugawanywa, na makaratasi hutiwa moto, au huuzwa kwa bei ya kutupa kwa mtu wa kwanza aliyeuliza. Somo hili lataka ujue ulicho nacho kabla hakijaondoka.

KWA NINI NCHI MOJA?

Mtu anayeanza kukusanya stempu hupenda kuchukua kila aionayo: ya Japani, ya Brazili, ya Uingereza. Baada ya mwaka ana sanduku lililojaa, wala hajui lina nini. Dunia ina stempu nyingi mno, na hapana mtu awezaye kuzipata zote.

Jambo hili si la stempu peke yake. Huko Marekani wako watu wengi wanaokusanya kadi ndogo zenye picha za wachezaji. Kadi hizo hutolewa kila mwaka kwa wingi mkubwa. Kwa hiyo wenye busara huchagua timu moja waipendayo, mathalan timu moja ya mpira wa kikapu, nao hutafuta kadi za timu hiyo tu, za wachezaji wa zamani na wa sasa. Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet alipochukuliwa na timu ya Memphis Grizzlies mwaka 2009, picha yake nayo ilitoka katika kadi za namna hiyo. Mwenye kuipenda timu ya Memphis alikuwa na sababu ya kuitafuta. Mwenye kukusanya kila kitu huenda aliipita bila kuiona.

Hii ndiyo faida ya kuchagua kitu kimoja. Unajua unatafuta nini, unajua kipi kimepungua, na kila upatacho kinaungana na ulicho nacho.

Lakini stempu za Unguja zina faida nyingine ambayo kadi za timu hazina. Timu huendelea kucheza, na kila mwaka kadi mpya hutoka, basi mkusanyo wake hauishi. Stempu za Unguja zilianza mwezi Novemba 1895, zikakoma kuuzwa mwisho wa mwaka 1967. Mwanzo wake unajulikana, na mwisho wake unajulikana. Mtu wa kawaida aweza kuiona njia yote mbele yake, hata kama hataifika yote.

MTOTO WA MJI MKONGWE NA STEMPU ZAKE

Mwaka 1946 alizaliwa mtoto katika Mji Mkongwe, jina lake Farrokh Bulsara. Baadaye dunia ilimjua kwa jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen. Watu wachache wajua kwamba alipokuwa mtoto alikusanya stempu, kama baba yake alivyokuwa akifanya. Kitabu chake cha stempu hakikupotea. Leo kimehifadhiwa London katika The Postal Museum, yaani nyumba ya makumbusho ya posta.

Stempu za kitabu kile ni za nchi nyingi, zikiwemo za hapa kwetu. Yule mtoto alizipanga kwa rangi na kwa umbo, upande huu ulingane na upande ule, kama mtu apangavyo nakshi. Mpango huo wapendeza macho. Sisi leo tunafuata njia nyingine: tunapanga kwa tarehe, ili stempu zitusimulie mambo kwa utaratibu wake. Lakini shika neno hili moja: kitabu cha mtoto kimefika makumbusho kwa sababu jamaa zake hawakukitupa.

HADITHI ILIYOMO NDANI YA STEMPU

Sasa tuzipitie stempu zenyewe. Andika miaka hii katika daftari lako.

Kwanza, kabla ya mwaka 1895, Unguja haikuwa na stempu zake. Tangu mwaka 1875 posta ya hapa iliendeshwa na serikali ya India, na stempu zilizouzwa zilikuwa za India. Utaijuaje stempu ya India iliyotumika Unguja? Kwa muhuri wake tu. Muhuri ukisema Zanzibar, stempu ile ilipita katika posta yetu. Ukiufuta muhuri au ukiukata, hapana dalili iliyobaki.

Hata nchi nyingine zilifungua posta zao hapa. Wafaransa walikuwa na posta yao tangu mwaka 1889 mpaka 1904. Wadachi walikuwa na yao kwa muda usiotimia mwaka, tangu Agosti 1890 mpaka Julai 1891. Haya ni ya kujua; anayeanza hana haja ya kuyafuata.

Pili, Novemba 1895. Posta ilipotoka mikononi mwa India, stempu mpya zilikuwa bado kufika. Basi zilichukuliwa zile zile za India, zikapigwa chapa juu yake neno "Zanzibar". Kazi hiyo ilifanywa hapa hapa mjini, katika kiwanda cha chapa cha gazeti la Zanzibar Gazette. Herufi zilipangwa kwa mkono, moja moja, na makosa yakatokea. Ziko stempu zilizoandikwa "Zanzidar" na nyingine "Zanibar". Makosa hayo leo ndiyo yanayotafutwa kwa fedha nyingi, na kwa hiyo ndiyo yanayoigizwa sana na wadanganyifu. Tutarudi katika jambo hili.

Tatu, picha za masultani. Seyyid Hamed bin Thuwaini alitokea katika stempu za mwaka 1896, mwaka ule ule aliofariki. Seyyid Hamoud bin Muhammed alifuata mwaka 1899. Stempu za Seyyid Ali bin Hamoud za mwaka 1904 hazikuwa na picha, bali jina lake lililosukwa kwa herufi. Picha yake ilikuja mwaka 1908. Seyyid Khalifa bin Haroub aliyetawala tangu 1911 mpaka 1960 alianza kuonekana katika stempu mwaka 1913. Alikaa katika stempu karibu miaka hamsini, hata mtoto akazaliwa, akakua, akaoa, na uso katika barua ni ule ule.

Nne, tazama fedha. Stempu za kwanza zahesabiwa kwa anna na rupia, kama India. Anna 16 zilikuwa rupia moja. Mwaka 1908 anna ziliondoka, rupia ikagawanywa kwa senti 100. Mwaka 1936 rupia nayo ikaondoka, ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, na rupia moja ikabadilishwa kwa shilingi moja na nusu. Mzee aliyekwambia, "Mahari ya mama yako yalikuwa rupia kadha," alikuwa akizungumza juu ya fedha hizo. Ukiweka stempu tatu, ya anna, ya senti za rupia na ya senti za shilingi, umeweka somo zima la biashara ya nchi katika ukurasa mmoja.

Tano, picha za nchi. Mwaka 1957 zilitoka stempu zenye picha ya Sultani pamoja na mambo ya visiwani: karafuu, jahazi, Msikiti wa Mnara wa Malindi, msikiti wa kale wa Dimbani kule Kizimkazi, na jumba la Kibweni. Chukua stempu ya Dimbani, uende Kizimkazi, ukailinganishe na msikiti wenyewe. Ni somo la jioni moja.

Sita, mabadiliko makubwa. Tarehe 10 Desemba 1963 Unguja ilipata uhuru kutoka kwa Waingereza, na zikatoka stempu nne zenye maneno "Uhuru 1963". Tarehe 12 Januari 1964 yakatokea Mapinduzi. Posta ilikuwa na shehena ya stempu zenye picha ya sultani, na barua za watu hazikungoja. Ikafanywa kama mwaka 1895: mwezi huo huo wa Januari stempu zile zilipigwa muhuri wa mkono wenye maneno "Jamhuri 1964". Mkono haupigi sawa kila mara. Twaona maneno yaliyopinda, yaliyokwenda juu chini, na yaliyopigwa mara mbili. Baadaye mwaka huo yakaja maneno hayo hayo yaliyopigwa kwa mashini, yamenyoka vizuri, kisha zikatoka stempu mpya kabisa za Jamhuri.

Mwezi Aprili 1964 Unguja na Tanganyika ziliungana. Hata hivyo, stempu za Zanzibar ziliendelea kwa muda, na seti ya mwisho ilitolewa mwaka 1967, ikisifu vijana wa kazi za kujitolea. Tangu mwanzo wa mwaka 1968 posta ya hapa ikauza stempu zile zile zilizotumika bara. Hapo ndipo safari ya stempu za Unguja ilipokoma.

Umeona sasa? Katika miaka 72 umepita chini ya dola, masultani, fedha tatu, uhuru, mapinduzi na muungano. Vyote hivyo vyaingia katika kitabu kimoja.

ANZIA NYUMBANI, WALA USIKATE

Watu wengi hudhani kazi ya kukusanya huanza dukani. Sivyo. Anzia nyumbani kwako. Uliza bibi, uliza shangazi, uliza mjomba: "Je, barua za zamani ziko wapi?" Familia nyingi za hapa zina jamaa Maskati, Mombasa, Ngazija na Bombay, na jamaa waliandikiana.

Sasa sikiliza kanuni kubwa ya somo hili. Ukiipata barua ya zamani pamoja na bahasha yake, usikate stempu.

Kijana akiona stempu nzuri, mkono wake hukimbilia mkasi. Anaikata, anairoweka majini, anaibandika, na bahasha anaitupa. Tuseme bahasha hiyo ilitoka Wete ikaenda Mombasa mwaka 1938. Juu yake palikuwa na muhuri wa Wete, tarehe, jina la mpelekaji na mwandiko wake, na nyuma muhuri wa Mombasa siku ilipofika. Stempu ile peke yake ni ya senti chache, na ziko nyingi. Lakini bahasha nzima yasema nani, wapi, lini, kwa njia gani na kwa siku ngapi. Aliyekata amebaki na kitu rahisi na ametupa kilicho adimu. Hata mnunuzi mwenye ujuzi hulipa zaidi kwa bahasha nzima kuliko kwa stempu iliyokatwa.

Kuna jambo jingine katika barua: maneno. Pengine ni habari za ndoa, za deni, za kuomba radhi. Barua ya familia ni amana. Kabla hujaionyesha nje, waulize wenye haki nayo. Waweza kuonyesha bahasha na kuihifadhi barua ndani ya nyumba. Na mnunuzi akija mlangoni akitaka kasha zima kwa bei ya jumla, mwambie arudi wiki ijayo. Katika wiki hiyo soma, hesabu, piga picha kila bahasha mbele na nyuma kwa simu yako, kisha mshauriane kama jamaa.

Pia usinunue karatasi iliyotolewa katika mafaili ya serikali. Karatasi za ofisi za zamani mahali pake ni Nyaraka za Taifa kule Kilimani, ambako watafiti wa ndani na wa nje huzisoma. Anayechomoa barua katika faili ameiba kumbukumbu ya watu wote, na anayenunua amemsaidia.

VYOMBO NA UTUNZAJI

Vyombo ni vichache. Upate kibano chenye ncha bapa, maana jasho la vidole huacha doa. Upate kioo cha kukuzia. Upate kitabu cha stempu chenye mifuko ya kuchomekea; usitumie kitabu cha picha chenye kurasa zinazonata. Gundi na utepe wa kunata ni adui. Wala usiipeleke bahasha dukani ikafunikwe kwa plastiki ya moto kama wanavyofanya vitambulisho. Ikishafunikwa haifunguki tena ikabaki salama.

Hapa kwetu tuna maadui watatu: unyevunyevu, wadudu na jua. Wakati wa masika, tangu Machi mpaka Mei, hewa hujaa maji, na gundi iliyo nyuma ya stempu hushikana na karatasi. Kitabu kisimamishe wima, usikilaze chini ya mzigo. Kikae mbali na ukuta, kwani kuta za chokaa za Mji Mkongwe hunyonya maji. Siku kavu kifungue kipate hewa kivulini, juani hapana, kwani jua hufifisha rangi. Na ingawa tumezoea kuweka karafuu katika nguo, usiziweke ndani ya kitabu. Karafuu ina mafuta, na mafuta hutia doa.

Stempu za kawaida ambazo zimekwisha kukatwa zamani waweza kuziroweka katika maji safi ya baridi mpaka ziachane na karatasi zenyewe. Usizivute. Kisha zikaushe juu ya karatasi nyeupe. Ukiwa na shaka juu ya rangi, usiroweke kabisa.

JIHADHARI NA BANDIA

Tulisema tutarudi katika jambo la wadanganyifu. Zile za 1895 zenye makosa, na zile za Januari 1964 za muhuri wa mkono, ndizo rahisi kuigiza. Muhuri wa mpira huchongwa popote kwa fedha kidogo, na stempu halisi ya bei ndogo hugeuzwa kuwa "adimu" kwa pigo moja. Shika kanuni tatu. Kwanza, usianze na hizo. Anza na stempu za kawaida za Seyyid Khalifa, uzoee karatasi na rangi zake. Pili, stempu ya "Jamhuri" iliyo juu ya bahasha halisi yenye muhuri wa posta na tarehe inayolingana ni ya kuaminiwa zaidi kuliko iliyo peke yake. Tatu, kwa kitu cha bei kubwa taka hati ya wataalamu. Royal Philatelic Society London ina baraza la kuchunguza na kutoa hati hizo.

Jifunze pia kutazama ndani ya karatasi. Iinue stempu penye mwanga, au uilaze kifudifudi juu ya kitu cheusi. Stempu za kwanza za Seyyid Khalifa, za 1913, zina alama za maua ndani ya karatasi. Zilizochapwa baadaye, kwa picha ile ile, zina alama ya taji na herufi CA. Kwa macho ya haraka ni moja. Kwa mkusanyaji ni mbili. Orodha ya Stanley Gibbons ya London huzipa kila moja namba yake, nawe waweza kuifuata unapopanga.

KUPANGA NA KUANDIKA

Panga kwa tarehe. Kila ukurasa uandike mwaka, jina la mtawala au serikali, na aina ya fedha. Acha nafasi tupu kwa stempu usizo nazo. Nafasi tupu si aibu, hukuonyesha unachotafuta. Na chini ya kila bahasha andika imetoka kwa nani, imepatikana wapi, na nani alikusimulia habari zake. Stempu yaweza kununuliwa hata London, lakini maneno ya bibi yako kuhusu barua ile hayauzwi popote, na wa kuyasema ni yeye peke yake, maadamu yu hai.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Stempu ya India iliyotumika Unguja kabla ya 1895 hujulikana kwa dalili gani?
2. Kwa nini bahasha nzima ni bora kuliko stempu iliyokatwa?
3. Taja fedha tatu zinazoonekana katika stempu za Unguja, na miaka zilipobadilika.
4. Jamaa wakitofautiana, mmoja ataka kuuza barua za babu na mwingine ataka kuzihifadhi, ninyi mngeamuaje?

KAZI YA NYUMBANI

Kabla ya somo lijalo, nenda kwa mzee mmoja wa ukoo wako umwombe akuonyeshe barua moja tu ya kabla ya mwaka 1968. Usiichukue. Isome naye kwa ruhusa yake, andika katika daftari tarehe, muhuri, bei ya stempu na jina la aliyeandika, kisha mrudishie mkononi. Ukifanya hivyo umeanza mkusanyo wako, ingawa bado hujanunua hata stempu moja.

Kwa leo tunaishia hapo.